Bila Kuongeza, Bila Kupunguza

Saa mbili na nusu asubuhi, Maskati, mwezi wa nane.
Nje, mlango wa gari unaunguza mkono unaougusa;
ndani, kiyoyozi kinanivalisha soksi nzito chini ya buibui.
Naapa, kama ninavyoapa kila wiki:
kuongeza sitaongeza, kupunguza sitapunguza.
Kisha nakaa kati ya wawili, kwenye kiti kisicho na meza.

Leo mdai ni Mhina, mpishi, mtu wa Lushoto.
Miezi saba hajaona mshahara.
Mdaiwa ni Bwana Muhenna, mwenye mgahawa kule Siib,
kofia ya mkono, bakora ya henzirani, jicho kwenye saa.

"Kanipiga danadana," anasema Mhina.
Nina pumzi moja tu ya kuamua.
Hakimu hajawahi kucheza mpira kwa Kiswahili.
Nasema kwa Kiarabu: amenirusha, leo kwa goti, kesho kwa kichwa,
wala haniachi nitue chini.
Hakimu anaandika. Mpira umefika.

Nikisema "mimi", si mimi.
Ndiyo kazi yenyewe.
Nimewahi kuwa mwizi wa nyaya, nimewahi kuwa mjane,
nimekuwa dereva aliyesinzia njia ya Nizwa,
nikaomba msamaha wake, macho yangu makavu.

Mara Mhina anapandwa. Anamnyooshea kidole tajiri wake:
"Mzee huyu hana haya. Fisi ana nafuu."

Hapo ndipo.
Ningeweza kulifua lile neno, nikalianika jeupe:
mdai anasikitika sana.
Nani angejua? Kiarabu cha Mhina kinaishia kwenye majina ya viungo.
Tena ni mtu wa lugha yangu, nilitaka kumfunika.
Lakini tusi lilikuwa lake, kalibeba miezi saba,
na mchukuzi anayepunguza mzigo njiani,
hata akipunguza mawe,
ni mwizi.
Nikasema fisi. Nikamtoa mzima, na mkia wake.
Kalamu ya hakimu ikasimama.
Mhina akapewa onyo, likaingia kwenye jalada,
akanitazama kama mtu aliyeuzwa na dada yake.

Ikapita robo saa ya karatasi na mihuri.
Bwana Muhenna, aliyekuwa Kiarabu kitupu tangu asubuhi,
akamwinamia mwanawe,
akanong'ona kwa Kiswahili cha Unguja mjini, kimenyooka, hakina kovu:
"Tumpe ya miezi mitatu. Huyu hesabu hajui, hata risiti hakuweka."

Hakimu akauliza: kuna neno limesemwa?

Bakora ikaacha kugonga sakafu.
Mzee akanitazama, kwa mara ya kwanza siku ile,
akanitambua: binti wa fulani, mjukuu wa fulani.
Kiapo hakikutaja fulani.
Nikasema. Miezi mitatu, hesabu, risiti,
hata mnong'ono wenyewe niliuweka, kwa sauti ya chini.

Hukumu bado. Imesogezwa hadi baada ya likizo.
Labda Mhina atalipwa. Labda fisi atamgharimu.
Sikungoja ngazini kupokea shukurani,
wala yeye hakuja kuzitoa.

Jioni, nyumbani Mawaleh, mama kashika simu kwa vidole viwili
kama kitu kilichochina.
"Mke wa Muhenna kapiga. Tulisoma chuo kimoja, mkeka mmoja.
Harusi ya Ijumaa, anasema, tusijisumbue.
Umemwaibisha mumewe mbele za watu? Ni kweli?"

Kutwa nzima kinywa changu kilijaa maneno ya wenzangu.
Sasa yameitwa yangu, nayo yamefungwa
kwa kiapo kilekile.
"Mama," nikasema, "chai inafurika."

Nawe unayesoma, usijisumbue kuwatafuta.
Majina nimeyabadili. Mgahawa haukuwa mgahawa.
Hata fisi alikuwa mnyama mwingine.